Mwalimu wa Jiografia na Tembo wa Nyasi

Ukitaka sherehe yako iharibike, mwalike Mwalimu wa Jiografia. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu mimi nilimwalika mara nyingi, na kila mara niliishia kuwaomba watu radhi kwa niaba yake.

Tulifundisha shule moja ya kutwa huku Eastlands, Nairobi, mimi Kiswahili, yeye Jiografia, tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini hadi ile ya themanini ilipokuwa imekwenda sana. Na kana kwamba hilo halikutosha, tulikuwa majirani katika mtaa wa Jericho. Nyumba zetu za kanjo, yaani za baraza la jiji, zilitazamana, kamba za kuanikia nguo zikipishana katikati ya ua. Nilimwona asubuhi akipiga mswaki, nikamwona saa nne akibishana juu ya chai, nikamwona tena jioni akibishana na muuza magazeti. Hakuna mtu nje ya ukoo wangu niliyemjua kwa karibu hivyo, na hakuna mtu aliyenichosha hivyo, awe wa ukoo au asiwe.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake jeupe lilipigwa pasi hata siku za Jumamosi. Watu wazima walimwita Mwalimu wa Jiografia, kana kwamba shule nzima ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa somo hilo, ingawa walikuwa watatu. Wanafunzi walimwita Odijo wa Meno. Odijo, kwa lugha yao ya mtaani, ni mwalimu. Habari ya meno ilianzia buchani.

Kila Jumamosi alikwenda sokoni kununua nyama kama sisi wengine, ila yeye aliomba na taya. Taya la ng'ombe, na akipata bahati kwa mchinjaji wa soko la Burma, taya la nguruwe. Aliyachemsha uani kwenye karai mpaka nyama ikaachana na mfupa, na mvuke wake ukaingia katika shuka zetu, katika sare za watoto, katika vitambaa vya makochi. Mke wake, Mama Mueni, alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine, na ilimbidi azifunge ndani ya mifuko ya nailoni ili wateja wasizirudishe.

"Mama Njeri, wewe una bahati," aliniambia siku moja tukianua nguo. "Baba Njeri akilewa, analala. Wangu halewi. Anachemsha."

Wanawake wa ua tulipeleka malalamiko kwa kanjo, na bwana afya akaja na kofia yake na uso wa kazi. Nilichungulia dirishani nikiwa na matumaini makubwa. Mwalimu alimkaribisha, akampa kigoda, akamshikisha taya. Bwana afya alikuja kutoka pale jua likiwa limeinama, akicheka, na jino la nguruwe mfukoni mwa koti. Onyo tulilolisubiri halikufika kamwe. Karai likaendelea kuchemka.

Kwa kweli meno yale yalikuwa ya darasani. Niliwahi kupita karibu na dirisha la kidato cha pili nikamsikia, na nikasimama, ingawa nilikuwa na darasa langu la kuwahi.

"Tazameni jino la ng'ombe. Hiki mnachokiona mdomoni mwake ni kipande tu. Sehemu kubwa imezama ndani ya taya, inapanda juu polepole kadiri ile ya juu inavyolika. La nguruwe ni fupi. Kwa nini?"

"Ng'ombe anakula nyasi, sir."

"Na nyasi zina nini?"

"Mchanga!"

"Mchanga, na ukali wa nyasi zenyewe. Nyasi husaga jino kama tupa. Mnyama wa jino fupi akijilazimisha kula nyasi peke yake, meno yatakwisha kabla yeye hajakwisha. Sasa sikilizeni. Zamani, kabla ya babu wa babu wa mtu yeyote, nchi hii ilikuwa na miti zaidi. Kisha mvua ikapungua, misitu ikarudi nyuma, nyasi zikaenea mpaka upeo wa macho. Wale wanyama wakubwa waliokuwa wakila majani wangefanya nini?"

Akawaeleza. Alisema walikuwako nguruwe wakubwa kuliko punda ambao vizazi kwa vizazi meno yao yalirefuka. Alikuwako tembo mkubwa kuliko wa leo, aliyejitoa kabisa kwa nyasi, meno yake yakawa marefu na yenye mikunjo mingi kama ubao wa kufulia. Mifupa yake imejaa katika mchanga wa kule kaskazini, kwenye ziwa. Mifupa ya jamaa wa tembo tunayemjua sisi ni adimu kule. Huyu wa kwetu alikuwa wa pembeni, mla chochote: majani, magome, matunda, nyasi zikiwapo.

Kijana mmoja, mtoto wa fundi wa Kariobangi, akainua mkono. "Kwa hivyo, sir, huyo wa meno marefu ndiye alishinda?"

"Alitawala kwa muda mrefu sana. Kisha akatoweka."

"Aah! Na huyu mwingine?"

"Ndiye yuko Tsavo leo."

"Sasa funzo ni gani, sir?"

"Nani amekwambia lazima kuwe na funzo?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, maisha yangu yote nimewaambia watoto waandike mwishoni mwa insha, "Hadithi hii inatufunza kuwa..." Kama mtu anakupeleka mpaka zamani zile, anakuonyesha tembo mzima, kisha anakataa kukwambia la kuchukua nyumbani, huyo amekutembeza bure. Nilimwambia hivyo wakati wa chai. Akakoroga kikombe chake.

"Mama Njeri, funzo ulitakalo wewe ni kwamba asiyebadilika hufa. Huyu alibadilika. Alibadilika vizuri kuliko wote. Ndiye aliyekufa."

"Basi sema alibadilika kupita kiasi. Hilo nalo ni funzo."

"Na hilo ndilo kila mtu hulirukia akishindwa la kwanza," alisema, na akaendelea kukoroga.

Ungeweza kumchukulia kuwa mpinga dini, mtu wa aina hiyo. Walikuwepo waliomchukulia hivyo. Kumbe alikuwa mzee wa kanisa, na katika kwaya aliimba besi iliyofanya mabenchi yatetemeke. Sikuwahi kumwona akihangaika kuunganisha kitabu cha Mwanzo na mifupa yake. Nilipomuuliza, alisema Mungu hakumwomba afanye kazi hiyo, alimwomba awahi mazoezi ya kwaya.

Ndiyo maana nilisikitika zaidi kwa yaliyotokea siku ya mhubiri mgeni. Sisi wa kamati ya vijana tulikuwa tumemwalika kutoka mbali, tukapika, tukapanga viti mpaka nje. Mhubiri alikuwa moto. Alipofika kilele akapaza sauti: "Wako wapi wale wanyama wakubwa wa kale? Wako wapi wale tembo wa ajabu? Dunia ilibadilika, wao wakakataa kubadilika! Na wewe ndugu yangu, unakataa mpaka lini?" Vijana walikuwa wameanza kuinuka waende mbele. Nilimwona hata mmoja wa wale waliokuwa wakicheza kamari nyuma ya soko, machozi yakimtoka.

Kutoka kwenye kwaya ikasikika ile besi. "Mhubiri, samahani. Hawakukataa."

Vichwa vikageukia kwaya.

"Walibadilika," akasema. "Yule tembo alibadilika mpaka meno."

Mtu akacheka puani. Vijana wakasimama palepale walipokuwa, hawajui waende mbele au warudi. Mhubiri alimtazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa mkaidi.

"Ndugu, umeokoka?"

"Nimeokoka. Lakini yule tembo tusimsingizie."

Yule kijana wa kamari aliketi. Hakuinuka tena, siku ile wala nyingine niliyoiona mimi. Baada ya ibada nilimfuata Mwalimu kwenye lango, nikamwambia amezuia roho ya mtu kwa ajili ya mnyama aliyekwisha oza. Hakunijibu kwa hasira. Aliniambia tu kwamba marehemu hana wa kumtetea, na kwamba mtu akishakufa ni vibaya kumpachika kosa ambalo hakulifanya. "Hata akiwa tembo," akaongeza, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na shida ya kuelewa.

Mtu huyo huyo, asiyeweza kuachia sentensi moja ipite, aliachia kila kitu kingine kipite. Wanafunzi walimdanganya mchana kweupe. Kulikuwa na kijana ambaye nyanya yake alifariki muhula wa kwanza, akafariki tena muhula wa pili, na mara zote Mwalimu akampa nauli ya kwenda mazishi. Nilipomkumbusha, alisema huenda kijana alikuwa na nyanya wawili. Mwenye duka alimpunja, akanyamaza. Mwalimu mkuu alimpa zamu za wenzake, akazifanya. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini asigeuze: awe mlegevu juu ya tembo, mkali juu ya maisha yake.

Watu wa mtaa walikuwa na maelezo yao. Walijua kwamba aliwahi kupelekwa ng'ambo kusomea mifupa ya kale, na kwamba alirudi bila cheo. Wengine walisema pombe, wengine walisema mwanamke wa kizungu, wengine walisema tu kwamba akili zilimshinda. Mama Mueni ndiye aliyeniambia ukweli, bila mbwembwe, akihesabu nyuzi za sweta. "Hakumaliza kuandika. Walimu wake walimwambia aandike kilichowaua wale wanyama. Akasema bado anaangalia. Muda ukaisha."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Ningependelea angalau awe alikunywa."

Nilipoyasikia hayo nilijiapia kwamba nitamsaidia mtu huyu atake asitake. Nafasi ikaja. Kampuni moja ya vitabu ilikuwa inatayarisha kitabu cha ufahamu kwa shule za sekondari, na mimi nilikuwa nimeteuliwa katika jopo la waandishi. Kwa mwalimu wa shule ya kutwa ya Eastlands, hilo halikuwa jambo dogo. Niliomba kifungu kimoja kiwe cha wanyama wa kale, na kiandikwe na Mwalimu wa Jiografia, na jina lake litajwe. Mhariri, bwana mmoja mwenye sauti ya upole na miwani iliyoshuka puani, akakubali.

Mwalimu alikuja kukiandika kwenye meza yangu ya chakula, kwa kuwa kwake mezani kulikuwa na mashine ya sweta. Alifurahi. Nakumbuka alivyofurahi, alileta hata mkate. Alipomaliza nikasoma. Huenda mvua ilipungua. Huenda misitu ilirudi nyuma. Huenda baadhi ya wanyama waliacha majani wakala nyasi. Kila sentensi ilibisha hodi kabla ya kuingia.

"Mwalimu," nikasema, "Kiswahili hakitetemeki hivi."

"Si Kiswahili kinachotetemeka. Ni mimi."

"Lakini meno umeyaona!"

"Meno, ndiyo. Hapo ondoa huenda. Meno yalirefuka, hilo liandike limesimama."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Nikakata huenda moja baada ya nyingine, na kila moja aliitazama ikiondoka kama mtu anayeuza mbuzi. Mwishoni ikabaki moja, katika sentensi ya mwisho: "Huenda mabadiliko ya hali ya hewa ndiyo yaliyowamaliza." Hiyo, akasema, hataitoa. Nikamwambia sawa. Tukapeana mikono.

Nakala ya kusahihishwa ilipokuja kutoka kiwandani, sentensi ya mwisho ilisomeka hivi: "Wanyama hao walikufa kwa sababu walishindwa kubadilika." Nilijua kilichonisubiri. Nilitaka kwenda kwa mhariri mwenyewe, polepole, na maneno mazuri. Nikamwomba Mwalimu asubiri mpaka Ijumaa. Hakusubiri. Jumatano, kipindi chake kilipokwisha, alikwenda kwa miguu mpaka Industrial Area zilikokuwa ofisi zao.

Yaliyosemwa nimeyasikia kutoka pande zote mbili, na yanalingana.

"Mwanafunzi ataulizwa, 'Kwa nini wanyama hao walikufa?'" mhariri alimwambia. "Ajibu huenda? Msahihishaji ampe alama gani?"

"Basi msiulize swali hilo. Ulizeni walikula nini."

"Mwalimu, hiki ni kitabu cha watoto."

"Ndiyo maana."

"Tufanye hivi: turudishe sentensi yako, lakini bila huenda."

"Basi kitoe kifungu chote."

Kikatolewa chote. Mahali pake pakawekwa kifungu kilichokuwa kimeachwa, kiitwacho "Usafi wa Meno". Walipounda jopo la kitabu cha pili, jina langu halikuwamo, na hakuna aliyehitaji kunieleza sababu. Nilimwendea jioni ile uani, mbele ya watu na nguo zao.

"Umeniharibia," nikamwambia. "Si wewe tu. Mimi. Nilikubeba mgongoni mpaka pale."

"Kitabu kile kingesomwa nchi nzima, Mama Njeri."

"Ndiyo! Na sasa nchi nzima itasoma mswaki!"

Muhula mzima sikumwambia neno isipokuwa salamu, na salamu zenyewe nilizipitisha juu ya shuka zilizoanikwa.

Kilichotupatanisha ni njaa. Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa, na madukani ukaingia unga wa mahindi ya njano. Kila mtu alinung'unika, kila mtu akala, isipokuwa Mwalimu wa Jiografia. Alisema unanukia gunia. Alitafuna mihogo, akanywa chai kavu, akakonda hata zaidi. Usiku mmoja mapema, wakati wa chakula, mtaa mzima ulimsikia Mama Mueni:

"Wewe na tembo wako wa kula chochote! Leo ugali wa njano unakushinda?"

Nilicheka mpaka nikalazimika kuketi. Kesho yake nilimpelekea viazi kidogo, tukaanza kuzungumza tena.

Ni katika miezi ile niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona: Mwalimu akiwa na hakika. Kwao ni Ukambani, na kaka yake mkubwa alikuwa amebaki na ng'ombe wa mzee wao. Nyasi zilikuwa zimekwisha, ng'ombe wanasimama kwa shida. Mwalimu alipanda basi akaenda. Alirudi akitembea kwa hatua ndefu, akaniita hata kabla ya kuweka mkoba chini.

"Nimemwambia auze ng'ombe wote anunue mbuzi. Ng'ombe ni wa nyasi. Mbuzi atasimama kwa miguu ya nyuma ale hata mgunga. Nyasi zikikosekana, majani yapo."

"Amekubali?"

"Amekubali. Nilimwonyesha meno."

Nilifurahi, jamani. Hatimaye elimu yote ile, harufu yote ile, ilikuwa imepata kazi. Nikamwambia, "Unaona? Hukusema huenda." Akatabasamu kama kijana aliyeitwa jina lake siku ya zawadi.

Kaka yake aliuza ng'ombe kwa bei ya kutupa, kwa sababu kila mtu alikuwa anauza. Akanunua mbuzi. Mbuzi walikula mgunga kama Mwalimu alivyosema, wakanenepa hata. Kisha wakaanza kukohoa. Ulikuwa ugonjwa wa mapafu, ule unaopita katika zizi kama moto katika makuti. Waliokuwa wakila walikufa midomo ikiwa na majani. Na mvua ziliporudi, majirani waliokuwa wamebaki hata na ng'ombe mmoja au wawili waliwapeleka malishoni, naye kaka akawa hana mnyama hata mmoja.

Alikuja Nairobi. Aliketi sebuleni mwa mdogo wake, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya joto, na mimi nilikuwa nje nikiosha vyombo bombani.

"Wewe ulisoma," alisema. Hakupaza sauti. "Mimi nilikusikiliza."

Nilisubiri jibu. Mtu aliyekuwa na neno kwa mhubiri, kwa mhariri, kwa bwana afya, kwangu mimi kila siku ya Mungu, hakuwa na neno. Nilisikia tu mashine ya sweta ikisimama, na Mama Mueni akiuliza kama shemeji ataongezewa chai.

Baada ya hapo karai liliondoka uani. Hewa ikawa safi, shuka zikanukia sabuni, na mimi sikupata raha niliyoitarajia. Darasani akaanza kusoma nukuu za kitabu mwanzo hadi mwisho, wanafunzi wakiandika: kahawa na chai, reli na bandari, faida sita za misitu. Matokeo yakapanda. Mwalimu mkuu alimsifu mbele ya gwaride la asubuhi, watoto wakapiga makofi, naye akainamisha kichwa. Nilikasirika kiasi kwamba nilishindwa kupiga makofi. Miaka yote nilikuwa nimetaka mtu huyu alegeze, na alipolegeza nilitamani kumtikisa.

Muda si mrefu alistaafu mapema, akahamia Dandora, ambako Mama Mueni alikuwa amepata ploti ya ule mradi wa nyumba na kujenga chumba kimoja kimoja kwa faida ya sweta. Tuliahidiana kutembeleana. Unajua ahadi hizo.

Nilikutana naye tena Kariobangi, mwishoni mwa ile miaka ya themanini. Kitinda mimba wangu alikuwa ameitwa shule ya bweni, nami nilikuwa nimekwenda kwa mafundi wa jua kali kumnunulia sanduku la bati. Nilimkuta Mwalimu amesimama kwenye kibanda hichohicho, akingoja fundi aunge sufuria. Mvi zilikuwa zimemjaa. Shati lilikuwa jeupe, limepigwa pasi.

"Mama Njeri!"

"Mwalimu! Habari za siku nyingi?"

Ilibidi tupige kelele, kwa maana nyundo pale hazipumziki. Tuliulizana watoto, tukaulizana magoti. Mama Mueni alikuwa mzima, mashine zimekuwa tatu. Kaka yake alikuwa amepata ng'ombe mmoja, wa kukodishiwa, na wanasalimiana. Kisha tukaishiwa, na kwa sababu ya kuishiwa, au kwa sababu umri huondoa haya, nikamuuliza lile ambalo sikuwa nimewahi kumuuliza. Nilikuwa nimemwambia mengi juu ya yule tembo. Sikuwa nimemuuliza.

"Mwalimu, niambie sasa. Yule wa nyasi alikufa, huyu wetu akabaki. Kwa nini?"

Akasema kitu.

"Nini?"

"Sijui!" akapiga kelele, na kwa bahati mbaya nyundo zote zilikuwa zimetulia. Mafundi wakageuka kututazama.

Damu ilinipanda. "Hujui? Ulimzima mhubiri kanisani. Ulikiua kifungu chako, ukaniua na mimi. Ukarudi kutoka ng'ambo mikono mitupu. Na hujui?"

"Ningejua, ningewaambia," akasema, kwa utulivu wa kuudhi. "Nilichokijua ni kwamba wao hawajui. Meno yanasema alikula nini. Hayasemi kilichomuua. Mvua ilikwenda ikarudi, ikaenda ikarudi, na yeye alikuwa amepita katika ukame mwingi kabla ya ule. Kwa nini huo wa mwisho? Huenda si ukame. Huenda ni mvua iliporudi na miti ikarudi nayo. Huenda ni watu. Nimekaa na swali hilo tangu nikiwa kijana." Akatazama sufuria yake. "Mara moja tu nilijifanya najua. Ulikuwepo."

Fundi aliniokoa; sanduku lilikuwa tayari, la kijani, na harufu ya rangi mbichi. Akaniuliza litabebwa na nani. Kabla sijajibu Mwalimu alikuwa ameshika kishikio cha upande mmoja, sufuria yake iliyokwisha ungwa kaitumbukiza ndani.

Tukaondoka hivyo, yeye upande wa kulia, mimi wa kushoto. Alikuwa mrefu kuliko mimi, kwa hiyo sanduku lilielemea kwangu na kunigonga goti kila hatua. Nikamwambia apunguze mwendo. Akapunguza mno. Nikamwambia aongeze. Barabara ilijaa mikokoteni, wanawake wa mboga, vijana wanaoviringisha magurudumu.

"Lakini kuna nyati mmoja," akasema.

"Mwalimu, tuvuke kwanza."

"Nyati wa kale. Huyu sikuwahi kukwambia. Pembe zake zilikuwa..."

Na palepale, katikati ya barabara, akaweka upande wake wa sanduku chini ili apate mikono ya kuonyesha. Akaitandaza yote miwili mpaka mwisho, na bado haikutosha, akawa ananyoosha na vidole. Msukuma mkokoteni akapiga mbinja. "Mzee, toka njiani! Mathee, mwambie!" Mwingine nyuma yake akatukana. Lori la mchanga likapiga honi, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Huyu naye alikuwa wa nyasi," Mwalimu akasema, macho yakiwaka. "Na alibaki muda mrefu baada ya yule tembo kutoweka. Nusura afike zama zetu. Sasa niambie, hapo ndipo hesabu yote inapovurugika..."

Nilitamani kumwacha. Naapa nilitamani kuburuta sanduku langu peke yangu mpaka Jericho, nisigeuke nyuma. Badala yake nikaweka upande wangu chini, nikajifunga leso vizuri, nikaketi juu ya sanduku katikati ya barabara ya Kariobangi, honi zikilia.

"Haya," nikamwambia. "Malizia."